TV inasema imeunganishwa, picha haiji: anza na tarehe, malizia na ukuta

Ujumbe umetoka Mkunazini, Unguja: "TV mpya, inchi 55. Simu zote ndani zinashika waifai. TV nayo inasema imeunganishwa, lakini kila programu nikifungua inazunguka tu. Niirudishe dukani?"

Usiirudishe, dada. TV yenye waifai mbovu ni nadra. Ruta iliyofungiwa kabatini na kufunikwa kitambaa cha kudarizi, hiyo ndiyo iliyojaa majumbani. Lakini tusichanganye maradhi: kushika bila intaneti ni jambo moja, jina la waifai kutoonekana ni jengine, na picha kukatikakatika ni la tatu.

Likiwa la kwanza, tazama tarehe ya TV. Umeme ukikatika, TV nyingi hupoteza saa, zikiwaka zinajiona ziko mwaka 2015 au 2018. Kila programu hukagua cheti cha usalama cha mtandao kwa kutumia tarehe hiyo, na cheti cha mwaka huu kwa TV iliyobaki 2015 ni cheti ambacho hakijaanza kazi. Inakataa, wala haikwambii sababu. Ingia kwenye mipangilio, tafuta saa, uiache ijirekebishe yenyewe. Ikigoma, andika kwa mkono: tarehe sahihi, ukanda wa Dar es Salaam au Nairobi, yote ni UTC+3. Na usiiandikie saa ya Kiswahili. Saa mbili usiku kwake ni 20:00.

Baada ya hapo chomoa plagi za ruta na TV kwa dakika nzima. Rimoti haizimi TV, inailaza tu. Washa ruta peke yake, ngoja taa zitulie dakika mbili tatu, ndipo uwashe TV. Bado? Kwenye mipangilio ya mtandao badilisha DNS (kitabu cha anwani cha intaneti), uandike 8.8.8.8 au 1.1.1.1.

Jina la waifai lisipoonekana kabisa, mara nyingi tatizo ni bendi, yaani masafa ya redio ambayo waifai hurushwa. TV nyingi za bei nafuu zinasoma 2.4 GHz tu, na ruta au simu yako inarusha 5 GHz. Simu ya Android ina pahala pa kuchagua bendi ndani ya mipangilio ya hotspoti. iPhone ina swichi ya kuifanya hotspoti ikubaliane na vifaa vya zamani. Kwenye ruta, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari cha simu iliyoshika waifai hiyo (anwani na neno la siri vimeandikwa kwenye stika chini yake), washa 2.4 GHz na uweke chaneli 1, 6 au 11. TV iliyotengenezwa kwa soko la Marekani haioni chaneli 12 na 13, hata ukiiweka juu ya ruta. Aina ya usalama wa waifai iwe WPA2. WPA3 peke yake huzifungia nje TV za zamani.

La tatu ndilo ugonjwa wa Mji Mkongwe. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita au zaidi, 5 GHz haiupiti. 2.4 GHz hupita ikiwa hoi. Kwenye nyumba za matofali za Kiembesamaki ukuta mmoja si neno, lakini dari ya zege inakula mawimbi vilevile. Simama na simu palepale TV ilipo, mlango umefungwa, upime nguvu kwa programu ya kupimia waifai: -60 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikikaribia sifuri ndiyo nguvu zaidi) ni nzuri, ikishuka chini ya -75 usihangaike na mipangilio. Watu hukimbilia kununua kirudishio. Kirudishio cha bei rahisi hupokea na kurusha kwa redio moja, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu, na ukikiweka chumba ambacho waifai tayari ni dhaifu, kinarudisha udhaifu huohuo.

Vuta waya wa mtandao kutoka ruta hadi TV. Daraja la Cat5e linatosha, mwisho mita 100. Dai waya wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni mwepesi mkononi na hukatika ukikunjwa. Mpangilio wa rangi za nyuzi nane za ndani, ncha zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fundi anayepanga kwa mpango wake, mradi ncha zifanane, kipimo chake kitawasha taa zote nane na waya mrefu bado utasumbua, kwa sababu jozi za nyuzi zilizosokotwa pamoja zimetenganishwa. Upande wa pwani, chumvi huozesha vichwa vya waya. Vikifanya kutu ya kijani, kata na ubane vipya. Usishangae waya ukionyesha kasi ndogo kuliko 5 GHz: tundu la waya la TV nyingi mwisho wake ni 100 Mbps (megabiti kwa sekunde), na filamu ya 4K haihitaji zaidi ya 25. Unachokinunua ni utulivu.

Wenye hotspoti ya simu, hesabu ni hii: picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, 4K hadi GB 7. Bando la GB 10 kwa 4K halifikishi saa moja na nusu. Teremsha ubora ndani ya programu yenyewe, na uzime masasisho ya TV yanayojishusha usiku umelala. Kisiwa kilichokuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970 hakistahiki kuangalia nusu mechi.

Kwa dada wa Mkunazini: huenda simu zako zinashika ukumbini, TV iko chumba cha ndani. Tarehe kwanza, DNS pili. Ikiwa vyote viko sawa na picha bado haiji, pima urefu kutoka ruta hadi TV ukifuata kona za ukuta na vizingiti, ongeza mita 2, ndio waya wako. Usiupitishe bomba moja na waya za umeme.