Pikapu au maikrofoni: gitaa la akustika lirekodiwe vipi?

Anayenunua gitaa la akustika lenye tundu la kuchomekea waya huwa na swali moja: kama gitaa lina pikapu yake, yaani kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme, maikrofoni ya nini tena? Nimerekodi kwa njia zote mbili kwa miaka, na jibu langu ni hili: gitaa likiwa ndilo linaloubeba wimbo, weka maikrofoni. Pikapu irekodi pia, ila kwenye traki yake (njia yake ya pekee ndani ya rekodi), iwe akiba.

Vifaa hivi viwili havisikilizi kitu kimoja. Pikapu nyingi zinazokuja na gitaa ni za piezo, yaani ukanda mwembamba uliolazwa chini ya kile kipande cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi darajani, pale nyuzi zinapofungwa kwenye kasha. Ukanda huo hauna habari na hewa. Unapokea mgandamizo wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme, basi. Sauti tunayoipenda kwenye gitaa hutengenezwa baada ya hapo: daraja linatikisa ubao wa mbele, ubao unasukuma hewa, na hewa ya ndani ya kasha inaitikia. Piezo huchukua sauti kabla haijapitia yote hayo. Piga nyuzi zote kwa nguvu uone: unatoka mlio mkavu, wa kuparuza, ambao wapiga gitaa huufananisha na mlio wa bata.

Kabla hujailaumu pikapu, angalia umeichomeka wapi. Piezo isiyo na priampu (kikuza sauti kidogo) ndani ya gitaa hutaka ingizo lenye ukinzani mkubwa, megaomu 1 au zaidi. Ukiichomeka kwenye ingizo la kawaida la kiloomu 10 hivi, besi inakimbia na kinachobaki ni ukali mtupu. Interfesi nyingi, yaani vifaa vinavyoingiza sauti kwenye kompyuta, zina ingizo maalumu la gitaa, tumia hilo. Kama gitaa lina priampu yake, weka betri mpya kabla ya kuanza, kwa sababu betri iliyochoka huleta mkwaruzo ambao hakuna ikwalaiza (kirekebishi cha besi na ukali) itakayouondoa.

Zipo pia pikapu za sumaku zinazobanwa kwenye tundu la sauti. Hizi zina joto zaidi, lakini huliburuta gitaa lielekee kwenye mlio wa gitaa la umeme. Sumaku husikia chuma tu, na shaba iliyosokotwa kwenye nyuzi nene si chuma, hivyo nyuzi mbili nyembamba zinaweza kupiga kelele kuliko wenzake. Kwa nyuzi za nailoni hazina kazi kabisa. Pikapu zinazogundishwa ndani, chini ya daraja, husikia ubao wenyewe, na kwa masikio yangu ndizo zinazoukaribia ukweli. Tatizo lake ni kwamba kila kishindo cha mkono kwenye ubao nacho kimo.

Sasa maikrofoni. Ya kondensa, ile inayohitaji umeme ili ifanye kazi, yenye kiwambo kidogo cha kunasa sauti ndiyo chaguo langu la kwanza. Usisahau kuwasha umeme wa volti 48 kwenye interfesi, vinginevyo utasubiri sauti isiyokuja. Iweke sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye gitaa, ikitazama pale shingo inapoungana na kasha, karibu na freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo). Wengi huielekeza kwenye tundu, wakidhani sauti yote inatokea huko. Kinachotoka huko kwa wingi ni mngurumo wa hewa ya ndani, kwa magitaa makubwa karibu na hezi (mitikisiko kwa sekunde) 100. Isitoshe, maikrofoni inayosikiliza upande mmoja huongeza besi kadiri unavyoisogeza karibu. Ukiunganisha mambo hayo mawili, unapata gitaa linalonguruma kila ukigusa uzi mnene wa besi.

Sogeza maikrofoni kabla ya kushika ikwalaiza. Vaa hedifoni, piga, na usogee wewe mwenyewe taratibu, kwani ni rahisi kuliko kuhamisha stendi. Kwenda kwenye shingo kunaleta milio ya vidole na wepesi, na kwenda kwenye daraja kunaleta ubao na ugumu. Sentimita tano tu zinabadilisha mengi. Chumba nacho kinaingia kwenye rekodi, kwa hiyo kama kuta ni tupu, tundika blanketi zito nyuma yako na usikae katikati kabisa ya chumba.

Ukizirekodi zote mbili kwa pamoja, hapa ndipo wengi huharibu. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde, hivyo maikrofoni iliyo umbali wa sentimita 30 huchelewa nyuma ya pikapu kwa karibu milisekunde 0.9. Kadogo, lakini ukizichanganya kwa nguvu sawa, mawimbi yanaanza kufutana karibu na hezi 570, kwenye mwili wa gitaa penyewe, halafu tena na tena kwenda juu. Sauti inakuwa nyembamba na mtu hajui kwa nini. Dawa yake: mwanzoni mwa rekodi donoa uzi mmoja kwa mkato. Kwenye programu kuza picha ya mawimbi, kisha sogeza traki ya maikrofoni ianze mapema zaidi mpaka vilele vikae pamoja. Kwa rekodi ya sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde ni kama sampuli 42. Halafu geuza polariti ya traki moja (mawimbi yapinduliwe juu chini), usikilize kwa mono, yaani zote kwenye njia moja, na ubaki na upande wenye besi nyingi zaidi. Baada ya hapo maikrofoni naiacha iongoze, na pikapu naikata kuanzia kilohezi 1 hivi kwenda juu ili iongeze uzito wa chini tu.

Pikapu inashinda wazi unapoimba na kupiga kwa wakati mmoja, au nje kukiwa na kelele. Inatosha pia pale gitaa linapogonga mdundo nyuma ya ngoma, besi na vinanda. Humo, utamu wa ubao hausikiki hata ukiwepo.

Na kama mara nyingi unalazimika kutumia pikapu peke yake, tafuta saa moja ya utulivu urekodi zote mbili kwa pamoja. Zipo programu zinazolinganisha traki hizo na kutengeneza kichujio cha kuisogeza pikapu kwenye sauti ya maikrofoni. Kinasaidia kuliko nilivyotarajia, ila ni cha gitaa hilo na pikapu hiyo tu. Gitaa jingine litataka chake.