Postidoki ya betri bila kushika betri: nilivyoiona mimi

Mkuu, umeuliza kama mtu wa fizikia ambaye hajawahi kuingia maabara ya betri aombe postidoki, ile kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD, ya kukokotoa malighafi mpya za betri kwa kompyuta. Omba. Mimi nimeifanya miaka miwili, na betri pekee niliyoishika ni ya simu.

Nilikuwa upande wa betri za sodiamu, zinazotumia sodiamu badala ya lithiamu. Nilipokuja likizo Tanga, mjomba wangu mwenye mashamba ya chumvi huko Mkinga akaniuliza, "Mjomba, kwa hiyo chumvi yangu itaendesha gari?" Nikamwambia sodiamu imejaa baharini, shida ni kuihifadhi ndani ya betri. Ayoni yake, yaani atomu yenye chaji, ni nene kuliko ya lithiamu, na grafaiti, ile kaboni ya matabaka inayoipokea lithiamu vizuri, sodiamu inaikataa. Ndiyo maana hutumika kaboni ngumu, ambayo hata vifuu vya nazi vinaitoa. "Vifuu? Si tunawashia moto hivyo!"

Kazi yenyewe: unaandika kila atomu ilipo kwenye fuwele, unatuma hesabu kwenye kompyuta kuu, unapanga foleni. Unatafuta nishati ya fuwele ikiwa na ayoni, kisha bila ayoni, kisha ya metali ya sodiamu au lithiamu yenyewe. Kwenye tofauti ya hizo ndimo volti inamotoka. Umeme ukikatika Ngamiani hesabu haijali, inaendelea huko iliko. Bando la simu lilinitosha.

Sasa sikia kilichonitoa jasho. Ili kujipima nilianza na fosfati ya chuma na lithiamu, malighafi ya betri iliyozoeleka, maana volti yake inajulikana, kama 3.4 hivi. Yangu ikatoka mbali kabisa. Nikailaumu mashine. Wiki tatu baadaye, nikisoma faili mstari kwa mstari, kumbe sikuwasha usumaku! Programu ilikuwa imezipanga elektroni za chuma jozi jozi, kana kwamba chuma hakina sumaku. Nikawasha, bado iko chini. Nikaongeza sahihisho la U, linalozizuia elektroni za chuma zisitapakae ovyo, ndipo ikasogea panapotakiwa. Na muda wote huo programu ilikuwa inamaliza salama, bila onyo hata moja.

Kwenye usaili, hilo ndilo waliloning'ang'ania: utajuaje namba imekosea? Na wewe waulize saa ngapi za kompyuta kuu utapewa, na kama kuna wenzao wa maabara watakaopima ulichokokotoa.

Quantum ESPRESSO, programu ya kufanyia hesabu hizi, ni ya bure. Anza na silikoni, atomu mbili tu, laptopu ya kawaida inaiweza. Ukikwama bandika faili hapa, nitaliangalia usiku. Mchana niko Mkinga.