Asiyeona na Masomo ya Uhandisi

SWALI: Binti yangu haoni tangu utotoni. Amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa umeme, lakini mhadhiri mmoja amemshauri ahamie fani nyingine kwa kuwa hesabu na michoro itamshinda. Je, tukubali?
Mama Mwanaisha, Likoni, Mombasa

JIBU: Mama Mwanaisha, msikubali. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa binti yako haki ya kutumia nukta nundu na kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vya ulemavu wake.

Hesabu si kikwazo: Abraham Nemeth, mwanahisabati wa Marekani ambaye mwenyewe hakuona, alibuni alama za hisabati kwa nukta nundu tangu miaka ya 1950. Kikwazo kikubwa ni mhadhiri kutoa maandishi yaliyopigwa picha, kwani programu ya kusoma skrini kama NVDA, isiyolipiwa hata senti, ikifika kwenye picha ya mlinganyo hushindwa kuusoma. Mlinganyo huohuo ukiandikwa kwa LaTeX, mfumo wa kuandika hesabu kwenye kompyuta, huwa herufi za kawaida, na binti yako atausikia na kuuandika mwenyewe.

Michoro nayo hupapaswa. Laza karatasi nzito juu ya kitambaa, pitisha kigurudumu cha meno cha fundi cherehani kwa upande wa nyuma, huku mchoro ukiwa umegeuzwa kushoto kulia. Ukiipindua, mistari ya saketi imeinuka chini ya vidole. Katika maabara, aombe mita inayotamka vipimo.

Nendeni kwa mkuu wa idara kabla ya muhula kuanza, na mumwombe, kwa barua yenye saini, maandishi ya kozi mapema.