Mleta mada, hiyo diski ya bakapu usiichomeke!

Usichomeke. Kama umeshaishika mkononi, irudishe kabatini kwanza, kisha ndiyo uendelee kusoma. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba umepigwa na kirusi cha kudai fidia: mafaili yako yote hayafunguki na yameota mkia wa herufi nne usizozijua, kila folda ina kikaratasi kinaitwa _readme.txt kinachodai dola 980 (au 490 ukiwahi ndani ya saa 72), na sasa unataka kuchomeka diski ya nje yenye bakapu (nakala zako za akiba) "uhakikishe picha ziko salama", halafu uhamishie humo vilivyopona. Ukauliza pia antivirusi ipi nzuri, ulipe au usilipe, upige Windows upya (yaani uisakinishe upya) au la, na kama simu yako nayo iko hatarini. Na wachangiaji wawili hapo juu wamekujibu "chomeka mkuu, wahi kabla hakijaenea". Wakuu, kwa heshima zote, ushauri huo ndio ulionimaliza mimi. Nilipewa hivyohivyo, neno kwa neno.

Vitu vyangu vyote vya maana nilikuwa navyo sehemu mbili, kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje. Picha za miaka mingi, video, skani za vyeti, hesabu za kazi. Nilijiona mjanja sana. Kirusi kiliingia na kraki, yaani toleo la wizi lililovunjwa kufuli ili usilipie, ya programu ya kuhariri video. Antivirusi ya Windows ilipiga kelele, na yule bwana wa kwenye video ya maelekezo akasema kwa sauti ya upole kabisa: hizo ni kengele za uongo, zima antivirusi kwanza. Nikazima. (Ndiyo, najua. Mnaotaka kunicheka pangeni foleni, mke wangu yuko mbele yenu na hajamaliza.) Likatokea dirisha linasema Windows inajisasisha, asilimia zinapanda taratibu. Nikaenda zangu kuoga. Hakukuwa na sasisho lolote. Dirisha lile ni la kirusi chenyewe, kinakupa kitu cha kutazama wakati kinafunga mafaili nyuma yake, yaani kinayageuza yasisomeke bila ufunguo wa siri walio nao wadai fidia.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo ulipo wewe leo. Mpaka wakati huo hasara yangu ilikuwa ndogo. Bakapu iko kabatini, nzima. Ningezima mashine nikalala usingizi, kesho yake ningepiga Windows, nikarudisha vitu vyangu, na huu uzi ningeupita kimya.

Badala yake nikamwita fundi.

Si mtu mbaya. Tatizo ni kwamba maisha yake yote ametibu virusi vya shotikati, vile vya kwenye flashi vinavyoficha folda zako na kuweka shotikati mahali pake. Kwa vile unafungua dirisha jeusi, unaandika amri ya attrib, folda zinajitokeza, unalipwa unaondoka. Vitu vyenyewe havikuguswa, vilifichwa tu. Basi akaona na hiki ni kilekile kimebadili nguo. Akapiga skani, antivirusi ikakamata kitu kimoja, akakifuta, akanigeukia na uso wa mtu aliyeshamaliza kazi: "Hicho kimekufa. Lete bakapu yako, tufute haya yaliyoharibika turudishe mazima. Nusu saa tu."

Nikachomeka.

Taa ndogo ya bluu ya diski ikaanza kuwaka na kuzima harakaharaka. Nikafurahi, nikajua inasoma. Nikafungua folda ya picha, nikaiweka kwenye vijipicha, na kweli zilikuwapo zote. Nikaita watu sebuleni waje waone. Tukiwa tumesimama pale, kijipicha cha kwanza kikageuka karatasi nyeupe. Kikafuata cha pembeni yake. Kisha mstari mzima, kushoto kwenda kulia, kwa mpangilio wa majina, bila haraka. Nikamwuliza fundi kuna nini. "Inarifreshi tu hiyo, tulia." Inarifreshi! Nikashuka mpaka chini ya folda, nikaikuta _readme.txt imeshakaa, ndani ya diski ambayo dakika chache nyuma ilikuwa kabatini kwangu. Ndipo nikaing'oa waya. Nikaja kugundua kwamba folda iliyopona nzima ni ya mwisho kwa alfabeti, inaitwa Waranti. Kwa hiyo leo hii ninazo waranti safi kabisa za vifaa ambavyo nilishavitupa.

Kilichotokea ni hiki, nami nilikuja kukijua nikiwa nimeshalia. Kwa dalili ulizotaja, chako na changu ni familia moja, STOP, wengine huiita Djvu. Hii haihangaiki sana na makampuni, inawinda watu wa nyumbani kama sisi, na njia yake kuu ni kraki. Ikishaingia inajiandikisha kwenye ratiba ya kazi ya Windows ili iamshwe tena kila baada ya dakika chache. Kila ikiamka inapita diski zote inazoziona. Fundi alichokifuta ni kile kilicholeta mzigo. Mzigo wenyewe, ile programu inayofunga mafaili, ulikuwa umekaa pembeni unasubiri zamu yake. Ukichomeka diski mpya hapo hujaokoa kitu, umeongeza kazi. Na zile nakala za kivuli ambazo Windows hujiwekea yenyewe? Kinazifuta mapema, kabla hujafikiria kuziulizia.

Kama hamniamini mimi wa kraki, waulizeni Maersk, wale wa meli za makontena. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilitoka kwenye masasisho ya programu ya hesabu ya M.E.Doc huko Ukraina, kikaingia mtandao wao na kufagia karibu kila kompyuta. Seva zao zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa nyingi, zimesambaa duniani, na zote zinanakiliana muda wote. Kila moja ilikuwa bakapu ya mwenzake. Na kwa kuwa zote ziliunganishwa, zote zilikufa pamoja. Iliyopona ni moja, ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na haikuwa mtandaoni kirusi kilipopita. Umeme kukatika! Data zilikuwa nyingi mno kuzituma kwa mtandao, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, ikabidi mmoja wao apande ndege mpaka Nigeria amkabidhi mwenzake diski mkononi aipeleke London. Kampuni ya ukubwa ule iliinuka kwa diski moja iliyokuwa imezimwa.

Kwa hiyo mimi nina sheria moja, na nitaiimba mpaka mods wanifungie: bakapu ni ile ambayo haijachomekwa. Iliyochomekwa muda wote ni sehemu ya kompyuta, na kompyuta ikipigwa nayo inapigwa. Unachomeka, unakopi, unachomoa, kabatini. Na mashine ikionyesha dalili yoyote, hata ndogo, hata kama unahisi tu, isiiguse diski hiyo mpaka Windows ipigwe upya kwa kufuta kila kitu. Kuskaniwa hakutoshi. Fundi kusema "kimekufa" hakutoshi. Mimi niliambiwa kimekufa.

Sasa fanya hivi. Zima hiyo mashine sasa hivi. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izimike, au kama ni ya mezani vuta waya. Najua kampuni zenye wachunguzi wao huambiwa waiache ikiwaka ili wasome kilichomo kwenye kumbukumbu yake, lakini wewe huna mchunguzi, una mafaili yanayoendelea kufungwa. Kama kulikuwa na flashi au diski nyingine imechomekwa, chomoa.

Kisha tafuta kompyuta nyingine iliyo nzima, ya ndugu au ya rafiki anayekuamini bado. Humo ndimo utakapoifungua bakapu yako kwa mara ya kwanza, na kazi ya kwanza kabisa ni kuinakili iwe mbili. Usianze kutazama picha. Usifungue programu yoyote iliyomo humo, hasa kama una tabia ya kuhifadhi na mafaili ya kusakinishia. Nakili, chomoa, weka moja mbali. Sasa hata ukikosea huko mbele, unakosea ukiwa na akiba.

Humohumo tengeneza flashi mbili: moja ya kusakinishia Windows, nyingine ya Linux, mfumo mwingine usio Windows, inayowaka bila kusakinishwa. Mashine mbovu iwashe kwa ile ya Linux. Kirusi hiki ni programu ya Windows, huko hakiwezi kuamka. Chukua mafaili yote yaliyofungwa pamoja na _readme.txt moja, uyahamishie kwenye diski tupu, siyo ya bakapu. Ndiyo, yaliyofungwa, yaleyale yasiyofunguka. Fundi wangu aliyafuta yote kwenye kompyuta ili "kupata nafasi", na hilo nikilikumbuka huwa natoka nje kupunga upepo. Funguo huwa zinapatikana baadaye. Waliotengeneza TeslaCrypt, kirusi kingine cha kudai fidia, walijistaafisha wenyewe mwaka 2016 wakatoa ufunguo mkuu bure, na waliokuwa wametunza mafaili yao wakaweza kuyafungua. Kwa familia yako hii, Oktoba 2019 Emsisoft, kampuni ya kupambana na virusi, walitoa programu ya bure inayofungua matoleo 148 ya kirusi hicho. Matoleo mapya ni magumu zaidi, lakini si yote yamefungwa sawasawa, nitakueleza hapo chini.

Na video usizikatie tamaa. Hiki kirusi kina haraka, kwa faili kubwa kinafunga sehemu ya mwanzo tu, kama kilobaiti 150, na kuacha zilizobaki. Kwa hiyo kuna video zinazoweza kurekebishwa kwa kutumia nyingine iliyopigwa na kamera ileile. Mimi kwa njia hiyo niliipata hotuba ndefu ya mjomba, yote, kila neno. Picha ambayo ningeitaka haikurudi, kwa sababu ilikuwa ndogo na kilobaiti 150 kwake zilikuwa karibu kila kitu. Mjomba anafurahi sana.

Baada ya hapo piga Windows kwa flashi, na kwenye hatua ya kuchagua diski futa vigawanyo vyote (sehemu ambazo diski imegawanywa) kabla ya kuendelea. Usikubali kile chaguo cha "baki na mafaili yangu". Sasisha Windows, acha antivirusi yake iwe imewashwa, na hapo tu ndipo urudishe vitu kutoka kwenye moja ya zile nakala mbili.

Kama unatumia hifadhi ya mtandaoni inayojisawazisha, nayo itakuwa imeshapandisha mafaili yaliyofungwa juu ya mazima, maana hiyo nayo imechomekwa ukitaka kuiangalia vizuri. Afadhali nyingi hutunza matoleo ya zamani kwa muda, kwenye Google Drive ni siku 30, kwa hiyo ingia kwa kutumia kifaa kingine ukayarudishe kabla muda haujaisha. Na ukiwa huko badilisha nywila zako zote, ukianza na ya barua pepe. Hii familia mara nyingi husafiri na mwizi wa nywila, na wakati wewe unahesabu picha zilizokufa, mwenzako anasoma barua zako. Usizibadilishe ukiwa kwenye mashine mbovu. Huko hata tovuti za kujisaidia huenda zisifunguke, kwa kuwa kirusi huchezea faili la hosts, lile linaloweza kuielekeza kompyuta tovuti iko wapi, ili usifike.

Kuhusu antivirusi ipi, mtabishana wenyewe, uzi wa hivyo upo na una kurasa na kurasa za matusi. Mimi nilikuwa na nzuri. Niliizima.

Na wewe uliyesema "lipa tu mkuu, dola 490 si nyingi kwa kumbukumbu za familia", lipa wewe. Hao ni watu waliojificha kwenye dirisha la sasisho la uongo, halafu unategemea watakuwa waaminifu kwenye risiti?

Mleta mada, kabla hujafanya lolote na hayo mafaili naomba kitu kimoja. Kirusi hiki kikifanikiwa kuwasiliana na seva yake, kinatumia ufunguo wa kwako peke yako. Kikikosa mtandao, kinatumia ufunguo kilichokuja nao, ambao watu wengi wanafungiwa nao, na huo mara nyingine hupatikana na programu ya Emsisoft ikaufanyia kazi. Kuna namna ya kutambua. Ukiwa kwenye Linux fungua _readme.txt, nenda chini kabisa kwenye ile ID ndefu. Niandikie hapa mkia wa mafaili yako na herufi mbili za mwisho za ID. Ikiishia na t1 bado tuna la kufanya.