Ziliundwa au ziliundika?

SWALI: Nimesoma makala mbili kuhusu jaribio la mwanakemia Stanley Miller juu ya jinsi viumbe hai vilivyoanza. Moja inasema asidi amino, yaani viambajengo vya protini, "ziliundwa" chomboni, nyingine "ziliundika". Kuna tofauti, au ni mapambo tu? Tena moja inaandika "asili ya uhai", nyingine "asili ya maisha".

JIBU: Nianze na hilo la mwisho, maana ni jepesi. Andika uhai. Maisha huwa marefu, magumu au ya raha. Kinachotenganisha bakteria na jiwe ni uhai.

Hilo la kwanza lina uzito. Kauli ya kutendwa humdai mtenda hata asipotajwa: mlango umefunguliwa, basi yupo aliyeufungua. Kauli ya kutendeka haimtafuti: mlango umefunguka, pengine ni upepo.

Sasa tazama kilichotokea Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1952. Miller, mwanafunzi wa Harold Urey, alitia methani, amonia na haidrojeni katika chombo cha kioo, akachemsha maji ili mvuke uzunguke humo, kisha akapitisha cheche za umeme kwa siku kadhaa. Alipopima maji yale akakuta glisini na asidi amino nyingine, ambazo hakuzitia yeye. Chombo kiliundwa, asidi amino ziliundika. Utafiti wenyewe unauliza kama kemia yaweza kufika kwenye uhai bila fundi, na anayeandika "ziliundwa" ameshamwingiza fundi mlangoni.

Ila tahadhari: katika wakati uliopo, "zinaundika" husomeka pia kama "zinaweza kuundwa". Hapo mimi hutumia "hutokea". Na asidi za mafuta, ambazo majini hukusanyika kuwa vifuko vidogo, zinastahili -ji-: hujipanga.

Si kila jaribio liko hivyo. Mwaka 2009, kundi la John Sutherland huko Manchester lilipata baadhi ya nyukleotidi, yaani vipande vinavyounda RNA, molekuli inayobeba taarifa za urithi, kwa kuchagua viambato na kupanga hatua moja baada ya nyingine. Ukiandika "ziliundwa" hapo sina ugomvi; wapo wakosoaji walioona mkono wa mwanakemia umezidi katika majaribio ya namna hiyo.

Ama "waliumba uhai", ambalo waandishi wa vichwa vya habari hulipenda mno, liache kabisa. Hakuna maabara iliyofika huko.