Magazijuto imemkosesha mwanangu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tano, juzi kaja na homuweki ya 20 − 8 + 5, kaandika 7, mwalimu wake kaweka kosa. Nimekaa nae tukafuata Magazijuto kama tulivofundishwa sisi, Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, sasa si JU inakuja kabla ya TO? 8 + 5 ni 13, 20 toa 13 ni 7. Mtoto analia anasema kafata kanuni. Tumekosea wapi? (Mama, Morogoro)

JIBU: Marahaba dada. Mwambie afute machozi, kanuni anaijua, ila hiyo JU inapoteza wengi mno, hata sekondari nawaona. Kujumlisha na kutoa zina nguvu sawa, hakuna ya kutangulia, unaanza kushoto unaenda kulia kama unavosoma. Mchukulie daladala ina abiria 20, kituo cha kwanza wakashuka 8, kinachofata wakapanda 5, wamebaki wangapi? Atakwambia 17 bila hata kalamu. Sasa yeye alivojumlisha 8 na 5 kwanza, wale 5 waliokuwa wanapanda kawashusha na wao! Alama ni ya namba iliyo mbele yake, hiyo ya kutoa ni ya 8 peke yake, 5 haihusiki. Akitaka lazima aanze na JU basi ahamishe namba pamoja na alama yake, 20 + 5 − 8, ni 17 ileile.

Leo usiku mpe 36 ÷ 4 × 3 − 10 + 2. Akipata 19 yuko vizuri, akipata 15 mrudishe kwenye daladala, na akipata jibu lingine basi cheki alivofanya kule mwanzo, 36 gawanya kwa 4 ni 9, mara 3 ni 27. Tafadhali usimfutie, mwache aone mwenyewe palipoharibika.

SWALI: Mwalimu kwanini 1/2 + 1/3 sio 2/5? Nimejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Mdogo wangu, ulikuwa na nusu chapati ukaongezewa, halafu ukabaki na 2/5 ambayo ni ndogo kuliko nusu? Vipande havilingani ndo maana. Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 2 na 3, ni 6, kata kila chapati vipande sita: 3/6 + 2/6 = 5/6. Asili, yaani namba ya chini, haijumlishwi, inakwambia tu ukubwa wa kipande.