Jibu: Sebule imepoa baada ya kufunika rejeta
Mkuu, umeuliza kwa nini sebule yako hapo Leicester, Uingereza, imepoa tangu uifunike rejeta ya ukutani (kifaa cha maji moto kinachopasha chumba joto) kwa kasha la MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Tatizo kubwa ni valvu ya themostati (koki ya rejeta inayojifunga yenyewe ikihisi joto) iliyobaki ndani: inapima hewa moto ya kwenye kasha, inafunga maji mapema, huku chumba bado ni baridi. Badilisha kichwa chake, weka chenye kihisi kilichounganishwa kwa mrija mwembamba, kihisi kikae nje ya kasha.

Kisha acha uwazi wa sentimita 8 hadi 10 chini, na juu weka wavu urefu wote wa rejeta. Nafasi hizo usizizibe kabisa, hewa ipite.

Kingo za MDF hunywa rangi sana. Zipige praima (rangi ya msingi) mara mbili, msasa namba 240 katikati. Kasha litundike kwa ndoano, usiligongomelee, maana rejeta itahitaji kutolewa hewa iliyonaswa ndani yake.